Mama Alipodhani Tunanong'ona

Mama alianza kuumwa Ijumaa mchana, akiwa kwenye cherehani yake barazani kwetu, mtaa wa Biryogo. Alikuwa akishona sare za shule. Aliacha kukanyaga, akafumba macho, akasema nizime taa. Hapakuwa na taa, ni jua tu. Kufikia magharibi alikuwa anatetemeka kwa homa na kutapika, na nilipojaribu kumwinua kichwa nimnyweshe maji, shingo ilikataa kukunjika. Asubuhi yake hakunijua, mimi binti yake wa kwanza.

Baba, aliyekuwa na duka la vitambaa karibu na msikiti, aliazima gari la mteja wake tukampeleka hospitali. Walimchoma sindano mgongoni, wakatoa maji, na daktari akatueleza kwamba vijidudu vimeingia kwenye utando unaofunika ubongo. Baba aliitikia kwa heshima. Tulipotoka nje akaniuliza, "Vijidudu vyenyewe vimetoka wapi? Nani kavitia?"

Swali hilo tulirudi nalo nyumbani. Siku chache kabla ya kuugua, Mama alikuwa amekunywa uji wa mtama kwa jirani yetu, mshonaji mwenzake. Jirani huyo ndiye aliyekuwa akishona zile sare miaka yote, mpaka shule ilipohamishia kazi kwa Mama. Kwa watu wa mtaani hilo lilitosha. Kwetu mtu akikupa kinywaji hukionja kwanza mbele ya macho yako, ndipo akukabidhi, maana sumu ya kutiliwa iliogopwa kuliko malaria.

"Alionja?" Baba akauliza.

"Hakuonja," akajibu shangazi, dada yake Baba, aliyekuja kutoka Rwamagana kutusaidia. Wakati uji ule unanywewa yeye alikuwa huko huko Rwamagana. Hakuna aliyemkumbusha.

Mama alilazwa kwa wiki kadhaa. Aliporudi alikuwa amekonda mpaka bangili zikamvuka mkononi zenyewe, lakini alitujua sote, na tulimshukuru Mungu. Ila alikuwa na macho mapya. Alikaa kwenye mkeka akatutazama midomo, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayehesabu wezi.

"Mnanong'ona nini?"

"Hatunong'oni, mama."

"Nimewaona."

Akiwakuta Baba na shangazi wakizungumza mlangoni, alisema wanamtafutia Baba mke mwingine. Wageni wakicheka, alisema wanamcheka yeye. Shangazi akasema huo ndio uthibitisho: sumu imempanda kichwani. Siku moja nilimpelekea wali, akaisukuma sahani ikanirudia.

"Onja kwanza."

"Mama, ni mimi."

"Naona ni wewe. Onja."

Nilionja nikimtazama. Nilimwogopa. Nilijiuliza kama hospitali walitukabidhi mama yetu au mtu mwingine mwenye sura yake.

Jirani naye hakukoma kuja. Kila asubuhi alisimama mlangoni na kikombe cha maziwa, akapiga funda moja mbele yetu, akafuta mdomo. "Maziwa iko ya moto, mumupatie mama." Shangazi alikipokea kwa mikono miwili na kumshukuru sana, kisha akazunguka nyuma ya nyumba akayamwaga kwenye shina la mgomba. Niliutazama mgomba ule kila siku nikisubiri ukauke. Ukazaa mkungu.

Halafu alasiri moja Mama aliniita. "Msikitini kuna nini? Tangu nirudi hawaadhini. Au mmewaambia wanyamaze nisijue saa ya kuswali?"

Wakati anasema hayo, adhana ilikuwa inalia. Msikiti ulikuwa karibu mno, kipaza sauti kikitikisa mabati yetu. Nilizunguka taratibu nikasimama nyuma yake, nikaangusha mfuniko wa sufuria sakafuni. Kuku walitawanyika. Mama hakugeuka.

Nilikimbilia dukani. "Baba, Mama hasikii!"

Baba alikuja na shangazi akamfuata. "Anajifanya," shangazi akasema. "Jana nilimwambia chai tayari, akainuka."

"Ulikuwa umesimama mbele yake, shangazi. Alikusoma mdomo."

Walimrudisha hospitali kesho yake. Daktari alimwekea sikioni chuma kidogo kinacholia, huku na huku, akasema sikio la kushoto limekufa kabisa, la kulia limebakiza kidogo. Ugonjwa ule huwa unaacha alama hiyo. Siku ya kumruhusu hakuna aliyempima masikio, na sisi hatukujua kuuliza.

Nyumbani Baba alikaa upande wake wa kulia akamweleza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hamkuwa mnanong'ona?"

"Hatukunong'ona hata siku moja."

Mama akamtazama mdomo. "Na kama mlikuwa mnanong'ona, ungesemaje?"

Nikaanza kucheka, na Mama, aliyeniona nikicheka, akacheka pia, mara ya kwanza tangu augue.

Kuanzia hapo tulijifunza kumkabili tunaposema naye. Kichwa kiliendelea kumuuma siku za mvua, na alichoka upesi, lakini alirudi kwenye cherehani, kiganja cha kushoto kikilala juu ya mashine ili ajue kwa mtetemo uzi ukikatika. Na kwa kuwa sasa alitegemea macho, haikupita wiki akamwona shangazi nyuma ya nyumba na kile kikombe. Hakumgombeza. Alimwita jirani, akamkalisha kwenye mkeka wake, akamwambia mbele yetu sote maziwa yake yalikokuwa yakienda.

"Nilijua," jirani akasema. "Mugomba yenu inanuka maziwa."

"Sasa shoga, kwa nini uliendelea kuleta?"

"Ningeacha, mungesema nimeona aibu kwa sababu ni kweli."

Shangazi aliinamisha uso, akaanza kuokota vipande vya uzi ambavyo havikuwa vinamsumbua mtu. Wiki ile ile alirudi Rwamagana. Mama aligawana zile sare na jirani, nusu kwa nusu, na Baba, ambaye sikuwahi kumsikia akimwomba radhi mwanamke yule, alianza kumtangulia kwa salamu kila asubuhi.

Mama aliishi miaka mingi baadaye, akishona. Lakini mtu aliyecheka nyuma yake alitakiwa aje mbele, akae, aeleze anacheka nini.