Hapa Kwangu Mtu Humaliza Kushukuru

Jumamosi asubuhi nilikuwa katika chumba kimoja cha gemu mjini Mwingi, nikichaji simu. Kwenye skrini walikuwa wanaonyesha sherehe ya ng'ambo ya kutuza gemu bora za mwaka. Mtengenezaji mmoja wa gemu alishika tuzo yake, akaanza kuwashukuru wenzake. Mara muziki ukapandishwa, akashushwa jukwaani.

Mwenye chumba, mama mtu mzima mwenye leso begani, akabonyeza rimoti, picha ikaganda.

"Mbona wanamfukuza na hajamaliza kushukuru?"

"Mama, huko wanapewa dakika moja tu," mteja mmoja akamjibu.

"Basi hapa kwangu mtu ataongea mpaka amalize."

Akaingia nyuma, akatoka na kiondo chenye jogoo ndani, akamvalisha begani fundi aliyekuwa kwenye kona akichomelea waya. "Hizi mashine zote, huyu ndiye huzifufua. Mpigieni makofi ya kilo!"

Fundi akavua kofia. Alimshukuru mkewe, mzee aliyemfundisha kutengeneza redio, hata jirani aliyemwazima bisibisi ya kwanza. Waliokuwa wameketi kwenye benchi wakisubiri zamu ya kucheza wakaweka mikono magotini, wakangoja. Aliyemkatiza ni jogoo peke yake, na mama akamfunika kwa ncha ya leso.

Huwa nasikia kwamba hata hizo tuzo za gemu zilianza katika vyumba vidogo, kabla ya majukwaa na mataa. Naamini. Waandaaji walipohamia kumbi kubwa, kuna kitu walisahau kubeba. Wakikihitaji, kiko Mwingi.