Mzee wa Ridhaa na Sufuria Zangu

Kila Jumatatu asubuhi nampangusa vumbi bwana mmoja aliyekufa zamani. Picha yake imetundikwa kwenye ukumbi wa klabu ya michezo ninakofanya usafi, hapa London, mwendo wa treni mbili kutoka kwangu Stratford. Masharubu yake yametunzwa kuliko bustani. Enzi za Malkia Victoria alikimbia maili, akaruka juu, akacheza kriketi na raga, akapiga makasia, na kote huko aliwashinda wenzake. Chini ya picha wameandika kwamba alicheza kwa ridhaa maisha yake yote, hakuuchafua mchezo kwa ujira.

Mwenzangu wa usafi, mama wa Bukavu, aliniuliza siku moja, "Mama, uyu muzee alikuwaka anatumika kazi gani?"

"Hakuwa na kazi. Baba yake alikuwa na mashamba."

"Njo maana alikimbia sana," akasema, akaendelea na mopu yake.

Nilicheka, lakini roho iliniuma. Mimi pia nilikuwa mtu wa michezo mingi. Kwetu Singida nilikimbia, nilirusha mkuki, nilicheza netiboli, na zawadi zetu zilikuwa sufuria. Nilishinda tatu. Mama alizitumia kusongea ugali mpaka ya mwisho ikatoboka kitako. Huyu bwana naye alishinda bakuli la fedha, saa ya mezani na vijiko kumi na viwili. Vyote vipo kabatini, havijawahi kuonja chakula, na mimi ndiye ninayevisugua.

Mwaka jana klabu ilitangaza mbio za kumkumbuka, maili moja, pamoja na kundi la wanawake waliovuka hamsini. Mimi nilikuwa na miaka hamsini na miwili. Kwa wiki sita nilifika saa nzima kabla ya zamu, nikazunguka uwanja wao kwa raba za kazini, simu ikinipimia. Maili moja, dakika saba na sekunde nne. Nilitamani jambo moja tu: nikimbie, jina langu lisomwe.

Fomu iliuliza zawadi nilizowahi kushinda. Nikaandika ukweli: sufuria tatu. Katibu wa klabu alipoisoma alicheka mpaka akavua miwani. "Basi wewe ni mchezaji wa kulipwa!" Kisha akatulia, akanieleza kwa upole kwamba mbio ni za wanachama, na kanuni ya tangu enzi za yule bwana haimruhusu mtu anayelipwa na klabu kuwa mwanachama. "Lakini tutakuhitaji kwenye meza ya maji." Upole wake uliniudhi kuliko kicheko. Nikasema asante. Asante ile najilaumu nayo hadi leo.

Siku ya mbio nikamimina maji. Mshindi wa kundi langu alitumia dakika saba na sekunde thelathini na moja. Wakampigia makofi, wakampa lile bakuli la fedha alishike kidogo apigwe picha. Akaninyooshea simu yake. "Samahani, unaweza?" Nikampiga picha tatu, na nikamhimiza atabasamu.

Jumatatu nikalitoa bakuli kabatini. Alama za vidole vyake zilijaa pande zote, nikazifuta. Za kwangu hazikuwepo hata moja, na nimelisugua miaka tisa. Sisi wafanyakazi tunatakiwa kulishika kwa glavu.