Ufunguo wa Choo cha Soko

Baba aliletwa mjini Tarime kutoka Susuni kwa sababu ya kifua. Alikuwa amekohoa tangu kupanda hadi kuvuna, akakonda mpaka koti lake likaonekana kama limetundikwa kwenye msumari. Hospitali wakasema ni kifua kikuu. Dawa ipo, ila ni sindano kila siku kwa miezi kadhaa, halafu vidonge vya kumalizia nyumbani. Nesi alituita pembeni mimi na kaka yangu.

"Akikatiza sindano," alisema, "msinirudishie hapa mkilia."

Kutoka Susuni hadi hospitali si mwendo wa mgonjwa kila asubuhi, kwa hiyo baba akahamia kwa kaka. Kaka alikuwa karani wa ushirika, na nyumba yake ilikuwa nyuma ya soko: vyumba viwili na sebule, humo ndani yeye, mkewe, watoto, na mimi niliyekuwa nimetoka chuo kikuu Dar es Salaam nikapangiwa kufundisha sekondari. Nesi alisema mgonjwa apewe kikombe chake, asilale na watoto, na dirisha liwe wazi. Nilimuuliza kama kweli dirisha linatosha. Akaniuliza kama tuna nyumba nyingine.

Basi tukafungua dirisha. Nilidhani tumemaliza sehemu ngumu.

Asubuhi ya kwanza baba aliuliza choo kiko wapi. Nikamwonyesha kwa fahari kidogo, maana kilikuwa choo kizuri. Miaka ile redio ilikuwa inahubiri vyoo kutwa, na bwana afya alipita nyumba hadi nyumba akiandika alama ya chaki kwenye mlango wa kila aliyechimba. Alama yetu ilikuwa kubwa.

"Nani wanakitumia?" baba akauliza.

"Sisi wote."

Kisha akauliza tena, taratibu zaidi: "Na mke wa kaka yako?"

"Yeye pia, Tata."

Akachukua fimbo yake, akatoka nje ya uzio, akateremka bondeni.

Kwetu Wakurya baba mkwe na mke wa mwanawe hawachangii shimo. Ni heshima, na ni nzito kuliko kusalimia au kupisha njia. Kule Susuni jambo hili halina shida kwa sababu ardhi ni pana: mzee ana upande wake, mkwe ana wake, na migomba katikati. Lakini nyuma ya soko la Tarime kiwanja kizima kilikuwa na ukubwa wa zizi la ndama. Waliotugawia viwanja walituhesabu sisi kama vichwa. Hawakuuliza nani ni nani kwa nani. Na redio nayo iliposema kila nyumba choo kimoja, ilifikiri nyumba ni kitu kimoja.

Kule bondeni kulikuwa na kijito. Bomba la mji likikauka, na lilikauka zaidi ya lilivyotoka, akina mama walichota maji humo. Nilimweleza baba habari hiyo. Nilimweleza juu ya vimelea, nikachora hata picha ardhini kwa kijiti: mtu, kinyesi, maji, mtoto anayeharisha. Alitazama picha ile kwa makini, kwa kuwa ni mtu anayependa kufundishwa.

"Hao wadudu wako siwaoni," alisema, "lakini nakubali wapo, umesoma. Mimi ninayemwona kila siku ni mke wa mwanangu."

"Sasa utafanyaje?"

"Wewe ndiye umesoma."

Siku chache baadaye mgambo alimkuta bondeni akamrudisha akiwa mbele yake, mbele ya watu, kama mwizi wa kuku. Kujisaidia bondeni kulikuwa kumepigwa marufuku. Mchana ule baba alisukuma sahani ya ugali, na jioni akanywa uji vijiko viwili vitatu. Kesho yake vilevile. Nilichelewa kuelewa. Alikuwa ameamua kwamba mtu asiyekula hana haja ya choo.

Nesi alimpima uzito akatutazama vibaya. "Mnamlisha nini huyu? Dawa hizi zinataka chakula. Sindano itamchoma bure."

Shemeji aliumia kuliko sisi sote. Yeye ndiye aliyepika, na ndiye aliyerudisha sufuria jikoni ikiwa imejaa. "Basi nihame mimi," alimwambia kaka. "Nikalale sokoni kwenye vibanda. Choo ninakifagia mimi, ninakimwagia majivu mimi, leo nimekuwa ndiyo sumu yake."

"Hakuna aliyesema wewe ni sumu."

"Tumbo la mzee limesema."

Nikapendekeza tuchimbe shimo la pili. Bwana afya alikuja, akapiga hatua huku na huku, akaonyesha kisima cha jirani upande mmoja na jiko letu upande mwingine. Haiwezekani, alisema. Nilitaka kumbishia, lakini mara hiyo moja sheria ilikuwa na akili, na hilo likanikasirisha zaidi.

Jirani mwenye kisima alikuwa fundi cherehani, Mwislamu ambaye babu yake alitoka Pwani akaja huku na biashara ya nguo. Kaka alimweleza tatizo letu kwa aibu. Fundi hakucheka.

"Mzee aje kwangu. Mimi si mtoto wake, mke wangu si mkwe wake. Ila humu ndani hatutumii magunzi. Kuna kopo la maji mlangoni."

Baba alilifikiria jambo hili siku nzima. Fundi hakutahiriwa na rika lolote letu, si wa ukoo wetu, wala mke wake hakutolewa ng'ombe na mtu yeyote tunayemjua. Akaona ni salama. Alijifunza kutumia kopo, akaanza kula, na nesi akaacha kututazama vibaya. Wiki ile nilifundisha vizuri.

Halafu kaka akataka kushukuru.

Siwezi kumlaumu, ndivyo tulivyolelewa. Alimwalika fundi nyumbani, na baada ya chakula akamwomba baba ambariki mtu huyu aliyetutoa aibu. Baba alifurahi sana. Aliomba maziwa kwenye kibuyu, akajaza kinywa, akampulizia fundi kifuani manyunyu mepesi kama tunavyofanyiwa sisi tukisafiri, akamwekea mkono kichwani. "Wewe ni mwanangu," akasema. "Ng'ombe wako wazae." Fundi hakuwa na ng'ombe, lakini macho yake yalilowa. Hata mimi nilisahau maonyo ya nesi, na mimi si mtu wa kuamini maziwa.

Asubuhi iliyofuata baba hakwenda kwa fundi. Mchana akasukuma sahani.

"Tata, nini tena?"

Alinitazama kama mtu anayemsikitikia mjinga. "Jana nimemfanya mwanangu. Mke wake sasa ni nani kwangu?"

Nilitoka nje nikazunguka nyumba mara kadhaa. Shemeji alikuwa anachambua mchele uani. Alipoambiwa, aliweka ungo chini, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga. "Mnge-," alianza, akashindwa, akaanza upya: "Mngemshukuru kwa sukari tu!"

Kulikuwa na choo kingine, na ndicho kilichonitia wazimu. Pale sokoni, hatua chache kutoka kwetu, kulikuwa na choo cha umma. Kilijengwa kwa kujitolea. Kaka mwenyewe alibeba matofali. Kilikuwa na upande wa wanaume na upande wa wanawake, kila upande na shimo lake na mlango wake, na juu bati jipya. Upande wa wanaume asingeingia mke wa mtu yeyote. Kilikuwa jibu kamili la shida ya baba yangu, na kilikuwa na kufuli tangu siku kilipokamilika.

Nilikwenda ofisini kwa bwana afya. Alikuwa kijana wa rika la kaka, nadhifu, kalamu mfukoni. Hakunyanyuka.

"Choo kile kitafunguliwa na mgeni rasmi," alisema.

"Mgeni gani?"

"Tutaarifiwa."

"Anakuja lini?"

"Tutaarifiwa."

"Na watu wa sokoni wanajisaidia wapi mpaka hapo?"

"Bondeni, mwalimu, na hilo ndilo tunalolipiga vita."

Nilimwambia mambo mengi siku ile. Nilimwambia choo si sanamu. Nilimwambia habari ya sindano na uzito wa baba. Alinisikiliza kwa adabu akasema kikifunguliwa mapema kitachafuka, na mgeni atakuta nini? Nilirudi nyumbani nikiwa na hoja zangu zote mkononi, hakuna hata moja iliyonunuliwa.

Baba aliniuliza kijana huyo ni wa nani. Sikujua. Sikuona inahusu nini.

Kesho yake, baada ya sindano, alitaka tupitie ofisini. Alisimama mlangoni akiegemea fimbo, anahema, na kabla sijafungua kinywa akamuuliza bwana afya kwa Kikurya baba yake ni nani. Bwana afya akataja. Baba akafumba macho kidogo.

"Siku ya kutahiriwa alisimama mkono wangu wa kushoto. Hakupepesa macho. Mimi ndiye niliyepepesa kidogo, na hakuwahi kumwambia mtu."

Bwana afya alikuwa amesimama tayari. "Shikamoo, Tata," akasema, akavuta kiti akakipangusa kwa mkono. Mtoto wa mtu wa rika lako ni mtoto wako. Baba akaketi, akamwambia anachotaka kwa maneno machache kuliko niliyotumia mimi kuvuta pumzi.

Ufunguo ulitoka kwenye droo. "Upande wa wanaume tu, Tata. Na tafadhali usimwambie mtu."

Alimwambia nani? Mji mzima uliona mzee mwenye ufunguo shingoni. Wa kwanza kumwomba alikuwa mwenye bucha, ambaye bucha lake lilitazamana na mlango ule. Baba hakuona namna ya kumnyima mwanamume mwenye shida. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa anaketi kwenye jiwe pembeni ya choo kila asubuhi akitoka hospitali, anafungua, anafunga, na anakemea. "Majivu! Umemwaga majivu? Rudi." Watu wazima walirudi. Kilikuwa choo safi kuliko cha shule yangu. Wanawake nao walimfuata, lakini ufunguo ule haukufungua upande wao. Nilimpelekea bwana afya ombi lao, akasema hilo ni suala jingine. Muuza dagaa mmoja akaniambia, "Shimo letu linamsubiri mgeni, mwalimu. Sisi tunasubiri giza."

Baba akanenepa. Kikohozi kikapungua, kikawa cha asubuhi tu, halafu kikaisha. Siku ya sindano ya mwisho nesi alimpa vidonge na maonyo, akamwambia anaweza kwenda kwake. Kutoka hapo baba alinyoosha moja kwa moja hadi ofisini, akavua ufunguo shingoni, akauweka mezani.

"Tata, subiri," nikasema. "Watu wanautumia. Mwachie mwenye bucha."

"Niliazima kwa ajili ya sindano. Sindano zimekwisha."

"Lakini umeona mwenyewe jinsi..."

"Kitu cha kuazima hakiazimishwi tena."

Nikamgeukia bwana afya. Alikuwa ameshautia kwenye droo. Mgeni, akasema, bado hajatangaza siku.

Tulimsindikiza baba hadi lilipoegeshwa lori la kwenda upande wa Susuni. Alipanda bila kushikwa mkono, akaketi juu ya magunia, koti limemkaa. Shemeji alisimama mbali kidogo kama inavyopasa, akainamisha kichwa, na baba akainamisha chake. Alikuwa mzima. Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi, mpaka niliporudi kupitia sokoni nikamkuta mwenye bucha anatikisa kufuli.

"Mzee yuko wapi?"

"Amekwenda kwake."

"Na ufunguo?"

Nikamwonyesha ofisi kwa kidole. Aliitazama ofisi, akatazama kufuli, akajipangusa mikono kwenye aproni yake akateremka bondeni kwa haraka, akikwepa upande anaosimama mgambo.

Bomba halikuwa linatoa maji siku ile. Jioni shemeji alinituma nyama. Nilimkuta mwenye bucha amerudi kutoka bondeni, anakata kwa mikono ileile. Nilinunua kwake, maana bucha lilikuwa hilo hilo moja.