Siku Nada Alipofungua Kichwa cha Mashine

Nada binti Darwesh alizaliwa Kiponda, katika nyumba ambayo wanawake wake walikuwa wakisoma magazeti wakati majirani wengi walikuwa bado wakisomewa, na kila mtu alidhani mikono yake itaishia kwenye kalamu. Mama yake, Bi Ruqaya, alidhani vivyo hivyo. Lakini mtoto akitoka skuli alikuwa akikimbilia Mtoni, kwenye karakana ya baba yake iliyo upande wa pwani wa barabara ya Bububu, na akirudi nyumbani huwa ananuka chuma. Alipomaliza masomo, wenziwe wakaomba kazi za ofisini, yeye akaomba chuo cha ufundi. Bi Ruqaya alilia kutwa. Kulipokucha akaenda dukani, akanunua kitambaa kizito cha buluu, akamshonea binti yake makoti mawili ya kazi. Kama lazima awe fundi, alisema, basi hatakuwa fundi wa matambara.

Fahari ya karakana ile ilikuwa mashine moja ya kuchongea chuma, ya kusimama, ile ambayo mafundi huiita milingi. Chini ina meza ya kufungia kazi, juu ina kichwa kikubwa chenye mota yake. Ndani ya kichwa mna bomba nene la chuma linaloshuka na kupanda, nalo ndilo linalobeba kisu kinachozunguka. Bwana Darwesh aliliita bomba hilo mchi, kwa kuwa linakwenda ndani ya kichwa kama mchi ndani ya kinu, na jina likabaki. Kwa mashine hiyo alichonga vipuri vya pampu za hoteli za Nungwi, vya mashine za boti, vya mashine za kukamulia miwa, na hakuna aliyerudishiwa kazi akaondoka akinung'unika. Alikuwa na neno lake la kujivunia, ambalo mji mzima ulilijua: "Kichwa cha mashine yangu hakijapata kufunguliwa tokea nilipoinunua." Alilisema kama mtu anavyosema kwamba bintiye hajapata kusimama barazani na wahuni.

Bwana Darwesh alifariki wakati wa vuli. Bi Ruqaya akakaa eda, miezi minne na siku kumi, hatoki mlangoni, na Nada akafunga karakana akakaa naye. Eda ilipokwisha Nada alirudi Mtoni, akafungua milango, na mashine ikafanya kazi masika yote bila ya tatizo. Kilipoingia kipupwe ndipo mambo yalipoharibika. Asubuhi mchi haushuki. Ukivuta mkono wa kuuteremshia, ni kama unavuta ukuta. Karibu na adhuhuri, jua likishalipiga bati, unaanza kushuka kwa kukwama kwama, na kisu kinachimba mahali pasipotakiwa kuchimbwa. Nada aliharibu shafti ya pampu ya maji ya watu wa Bwejuu, akalazimika kutafuta chuma kingine na kuomba radhi. Katika karakana ya Darwesh, radhi ilikuwa kitu kipya.

Hapo ndipo alipofika Mazin, kaka yake, aliyekuja likizo kutoka Maskati. Alikwenda Mtoni asubuhi akamkuta dada yake amekaa juu ya kigoda, amejikunyata, anaiangalia mashine.

"Unangoja nini?" akamuuliza.

"Jua."

Mazin alicheka kwa kudhani ni mzaha. Alipofahamu kuwa si mzaha, hakucheka tena. Jioni ile, Kiponda, aliweka kikombe chake cha kahawa chini akasema mbele ya mama yao: "Mimi nshazungumza na watu wa chuma chakavu. Lori linakuja Alkhamisi baada ya alasiri. Jina la baba halitoning'inia kwenye mashine inayongoja jua ndiyo iamke."

"Haitouzwa," alisema Bi Ruqaya.

"Basi mama, niache niifungue kichwa," alisema Nada. "Niitazame ndani."

"Wala haitofunguliwa."

"Sasa mama, haiuzwi, haifunguliwi, haifanyi kazi. Tuiweke sebuleni tuitie ubani?"

"Nada! Chunga ulimi wako." Bi Ruqaya alikunja mikono juu ya mapaja. "Baba yako aliondoka duniani na neno lake. Hakijapata kufunguliwa. Leo wewe ukifungua, kesho mji mzima utasema mashine ya Darwesh ilikuwa mbovu ndani, ikipigwa rangi tu nje. Watu hawana kazi, mwanangu. Watu wanangoja."

"Na ikipakiwa kwenye lori la vyuma vibovu, itapita barabara ya Bububu mchana kweupe, watasema nini?"

Bi Ruqaya alinyanyuka akaenda kusali, akakaa juu ya msala muda mrefu kuliko kawaida yake. Aliporudi alisema, bila ya kumtazama mtu: "Uifungue wewe. Kwa mikono yako, si ya mgeni. Na mlango wa karakana uwe umefungwa." Kisha akamgeukia Mazin. "Na wewe utamshikia. Ikitengenea kabla ya lori, itabaki. Isipotengenea, nisisikie tena habari zake."

Basi Jumatano asubuhi wakajifungia humo, fundi na kaka yake mwenye kanzu iliyopigwa pasi. Nada alikata umeme, akaulegeza mkanda, akafungua nati zinazoishika mota. Mota ile ni nzito. Waliishusha wawili, Mazin akiguna, doa la grisi likimpanda kifuani.

"Nyanyua upande wako, Kaka."

"Nnanyanyua!"

"Unaomba dua. Nyanyua."

Nada aliweka gogo la mbao juu ya meza, chini ya mchi, ili usije ukaanguka ukishafunguliwa. Ikaja zamu ya springi inayourudisha mchi juu. Springi hiyo imejikunja ndani ya kibweta chake kama mkeka uliokunjwa, na Nada alimwonya kaka yake ashike kifuniko kwa nguvu zote, akiachie kidogo kidogo. Mazin alishika kwa nguvu zote mpaka pua ilipomuwasha. Kifuniko kilizunguka kwa kishindo, springi ikatoka ikampiga kwenye saa ya mkono, kioo kikapasuka.

"Lahaula! Saa yangu!"

"Mkono upo?"

"Upo."

"Alhamdulillahi. Haya, shika hapa."

Walipouchomoa mkono wa kuteremshia, Nada alianza kuuvuta mchi kwa chini. Ulikataa. Akaugonga kwa nyundo ya mbao, taratibu, mara huku mara kule, ukatoka kwa kunyonya, kama mguu unaotoka kwenye tope la mikokoni. Ulikuwa umevaa koti zito la rangi ya hudhurungi, mfano wa nta, lenye chenga za chuma ndani yake. Mazin alikuwa mlangoni akiitazama saa yake kwenye mwanga. Nada aliinama kuutazama mchi kwa karibu, na harufu ikampanda.

Haikuwa harufu ya mashine. Ilikuwa imechacha, imekuwa kali, lakini chini ya ukali huo ilikuwapo karafuu, na uwatu. Ilikuwa harufu ya nywele za mama yake. Bi Ruqaya huchemsha mwenyewe mafuta ya nazi ya kupaka kichwani, kwa namna aliyofundishwa na bibi yake, na hakuna nyumba nyingine Kiponda inayotoa mafuta ya harufu ile. Nada alibaki ameinama na kichwa cha mashine kimekaa wazi juu yake, akahisi kama yuko mdogo, amelala mapajani, anasukwa.

Akatoka nje kwa kisingizio cha kutafuta matambara, akamwendea Kurwa, mzee aliyeilinda karakana tokea baba yake akiwa kijana.

"Mzee Kurwa, eda ya mama, nani alikuwa akiitia mashine mafuta?"

"Mimi."

"Mafuta gani?"

"Aliyokuwa akinletea Bi mwenyewe. Kila Ijumaa alikuwa akileta chupa kwa mkono wa dereva wa teksi. Alisema, Kurwa, hewa ya pwani inakula chuma, mashine ya mume wangu isishike kutu na mimi nimefungiwa ndani. Jaza kile kikombe cha mafuta kilicho juu ya kichwa chake kila Ijumaa." Kurwa akatazama chini. "Nkajaza. Nlifanya kosa?"

"Hukufanya kosa, mzee wangu."

Sasa kila kitu kilifahamika. Mafuta ya nazi, kila mwanamke wa Unguja anajua, kipupwe huganda ndani ya chupa mpaka uyaweke juani ndipo yatoke. Masika yote mafuta yalikuwa bado laini. Baridi ilipoingia yakaganda, yakachanganyika na grisi ya zamani na chenga za chuma, yakaushika mchi. Mama yake alikuwa akiitunza mashine kama alivyoweza kutunza kitu kutoka ndani ya nyumba ambayo hakuruhusika kutoka: kwa kile alichokuwa nacho.

Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Nada aliamua kuwa mwosha. Alijaza mafuta ya taa kwenye beseni, akaosha mchi na mahali unapopita, akaosha kila tundu la mafuta kwa waya na pamba. Beringi alizitoa moja moja, na kabla ya kutoa alizitia alama kwa wanja kutoka mkoba wake, ili zirudi kama zilivyokaa, upande huo huo. Hili ndilo aliloliogopa zaidi, kwa sababu beringi zikishaliwa hakuna dawa. Alizikausha, akazizungusha sikioni kwa ncha ya kidole. Zilikuwa kimya. Akafumba macho akashukuru. Kwa kaka yake alisema tu kwamba mafuta yaliganda.

Alkhamisi walikuwa wakikaza nati za mwisho pale lori lilipopiga honi nje. Dereva wake, Borafya, mtu mnene mcheshi, aliingia akisalimia kwa sauti, na nyuma yake akaingia Bi Ruqaya. Alikuwa amevaa buibui lake la kwendea harusi, kama mtu aliyekuja kuaga. Mazin, aliyechoka na aliyekuwa bado anaumia kwa ajili ya saa yake, alilinyanyua kopo lenye ile nta ya hudhurungi akamwonesha.

"Tazama mama. Haya ndiyo yaliyokuwa ndani. Baba miaka yote anajisifu hakijafunguliwa, kumbe anatia uchafu wowote anaoupata. Kama si ubakhili wa mafuta ni uvivu."

"Kaka, basi," alisema Nada. "Nshakwambia yaliganda."

"Yaliganda kwa sababu ni mabaya! Nani aliyeyatia kama si yeye?"

Nada alifungua mdomo ajitwike kosa, aseme ni yeye mwenyewe aliyeyatia. Lakini Bi Ruqaya alikuwa amekwishainamisha uso juu ya kopo, na harufu yake mwenyewe ikamjia. Alisimama wima. Wanaomjua Bi Ruqaya wanajua kwamba hajapata kukiri kosa hata la chumvi kuzidi kwenye mchuzi, na hapo palikuwa na mtu baki.

"Mazin," alisema, "yarejeshe maneno hayo. Baba yako hakupata kutia kitu kibaya ndani ya mashine hii. Mafuta ni yangu. Ya nywele. Niliyatia mimi eda nzima, kwa mkono wa Kurwa, nikidhani nnaitunza. Ukimtafuta aliyekosa, ndiye huyu mbele yako. Jina la marehemu uliweke pale ulipolikuta."

Mazin alikuwa amelishika kopo kama anayetaka mtu ampokee. Borafya ndiye aliyekohoa.

"Basi ndo maana, Bi," alisema kwa adabu kubwa, "mashine yenyewe haina mba."

Nada aliona uso wa mama yake ukijaribu kukasirika, ukashindwa. Bi Ruqaya alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na bintiye, ambaye hajakisikia kicheko kile tangu vuli, ilimbidi ageuke ajifanye anatafuta spana.

"Nisamehe mama," alisema Mazin. "Na baba Mungu amrehemu." Lakini alikuwa bado mtu wa hesabu zake. "Haya, iwashe. Ila sasa hivi kuna joto. Hata wiki iliyopita, alasiri ilikuwa ikishuka."

"Kweli," alisema Nada. "Basi nenda kwa wauza samaki ukaniletee barafu."

Mazin alikwenda, na kanzu yake yenye doa, akarudi na gunia la barafu linalochuruzika. Waliisaga barafu, wakaitia kwenye mifuko, wakakifunga kichwa cha mashine pande zote kama mgonjwa wa homa, wakiichunga mota isipate maji. Wakangoja. Bi Ruqaya alikipapasa chuma kwa kiganja mpaka akasema kimekuwa baridi kuliko asubuhi yoyote ya kipupwe aliyoijua. Ndipo Nada alipoondoa mifuko, akafuta, akaushika mkono wa kuteremshia kwa vidole viwili tu.

Mchi ukashuka. Ulishuka wote bila ya kukwama, na alipouachia ukapanda wenyewe. Akawasha mota, sauti yake ilikuwa moja tu, nyembamba, haina mkwaruzo.

Mazin alimtazama dada yake, kisha akamtazama dereva. "Ndugu yangu, utanisamehe. Hapa hapana chuma chakavu."

"Mimi sina ubaya," alisema Borafya. Akajikuna shingo. "Ila kwa kuwa nshafika… kile kishikio cha dinamo ya lori langu kimeliwa tundu zake, bolti zinacheza. Mwanamke fundi anaweza kukitazama?"

"Fundi," alisema Bi Ruqaya. "Sema fundi. Inatosha."

"Fundi. Nimekoma, Bi."

Kishikio kikafunguliwa kikaletwa, kichafu, kizito. Nada alikifunga juu ya meza, akapima, akachagua kisu. Mama yake alikuwa ameolewa na mashine ile miaka yote hiyo, amefua mafuta yake kwenye nguo, amelisikia jina lake kila usiku kwenye chakula, na hajapata hata siku moja kuiona ikikata chuma. Alivuta kigoda, akakikung'uta, akakaa, akaikusanya mikunjo ya buibui lake isiguse sakafu.

"Haya," alimwambia bintiye. "Chonga nione."