Neno "Eis" Limenibana Kati ya Mume Wangu na Marehemu Mama

Admin, nifiche sana, maana mume wangu ni mchungaji na hapa Bariadi tunajulikana. Nina miaka 36 na watoto watatu. Msimtukane mume wangu, ni mtu mzuri.

Alipotoka chuo cha Biblia alirudi na kaneno ka Kigiriki, eis. Kapo pale Petro anapowaambia watu watubu na kubatizwa, wapate ondoleo la dhambi. Mume wangu anafundisha kwamba maana yake ni "ili upate": bila maji, dhambi zako ziko pale pale. Nilimwamini. Hata mimi nimewafundisha akina mama hivyo hivyo.

Mwaka jana mama yangu, kule Bukundi, aliokoka. Mayu, ndivyo tulivyomwita mama, alitoa hirizi zake mwenyewe akazichoma uani, ndugu wakamsusa. Akamwambia mume wangu, "Mkwe wangu, nibatize leo, lambo lina maji." Mume wangu akasema asubiri wiki tatu, amalize mafundisho na wenzake. Wiki ya pili presha ikapanda, akafariki.

Msibani watu walisubiri mume wangu aseme mama amelala katika Bwana. Hakusema. Aliwaombea wafiwa, akakaa. Nilipomuuliza akajibu kwa upole, "Mama Neema, siwezi kubadilisha Neno kwa sababu ni mkwe wangu."

Nikaenda kwa mchungaji mmoja mstaafu. Akaniambia wapo wanaolisoma neno hilo "kwa sababu ya": unabatizwa kwa kuwa umeshasamehewa. Nililia kwa furaha njia nzima. Mume wangu akasema nikitamka hilo kanisani nimembomolea huduma. Nikamuuliza, "Basi kama wewe ndiye uko sahihi, nani alimzuia mama kuingia majini?" Akafunga Biblia yake akatoka nje. Tangu siku hiyo hali chakula vizuri, na hatuongei zaidi ya salamu.

Sasa baba naye ameamini. Mume wangu amempangia ubatizo Jumapili hii, safari hii hataki kuchelewa. Jana baba akanipigia simu: "Mama yako yuko wapi? Niambie wewe, si mumeo. Kama hayuko mbinguni, mimi sibatizwi. Nitamfuata huko aliko."

Nilimdanganya kwamba mtandao unakata.

Nikisema yuko mbinguni, baba atalirudia Jumapili, na nitakuwa nimemkana mume wangu mbele ya kanisa lake. Nikisema hayuko, nimempoteza na baba. Nikinyamaza, baba ataelewa mwenyewe.

Ninyi mnaojua Maandiko, na ninyi mliozika mama zenu, nishaurini: nimwambie nini baba yangu? Ameshapiga tena mara mbili leo, sijapokea.