Sifa za Mei Mosi

Nilikuwa fundi wa korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge, katika shamba moja upande wa Kwamndolwa, Korogwe. Shamba lilikuwa limetaifishwa si muda mrefu. Wazungu walikuwa wameondoka, na meneja mpya alikuwa Mwafrika mwenzetu, mtu mpole aliyetuita sote ndugu na kuwapa mkono hata wakata mkonge.

Asubuhi moja dereva wa lori lililotoka Handeni alinikuta chini ya mashine, akaniambia baba amefariki alfajiri kule Sindeni na wananisubiri. Nikamwendea msimamizi wa zamu kuomba ruhusa. Alinipa pole, kisha akasema beringi imekufa, majani yamerundikana na yanaanza kukauka, na fundi mwingine hayupo. Nimalize kwanza, ndipo niende. Sikubishana naye. Nilirudi chini ya mashine nikafungua nati moja moja.

Mashine ilinguruma tena saa kumi jioni. Baba alikuwa ameshazikwa baada ya sala ya adhuhuri.

Nilifika nyumbani kesho yake. Mama akaniuliza habari ilinifikia lini. Nikasema jioni. Akaniambia basi, ni mapenzi ya Mungu, akanipa maji ya kunawa.

Mei Mosi tulikusanyika mbele ya ofisi. Meneja alieleza habari za uzalishaji, halafu akaniita mbele, akaniwekea mkono begani.

"Ndugu zangu," alisema, "huyu alifiwa na baba yake, na hakuiacha mashine mpaka ilipopona. Hivi ndivyo nchi inavyojengwa."

Watu walipiga makofi. Msimamizi naye alipiga. Sidhani meneja alinikejeli. Alisimuliwa kisa ambacho ndani yake hakuna aliyeomba ruhusa. Ningeweza kumweleza palepale. Alinikabidhi cheti na blanketi la kijivu, nami nikasema, "Asante, Ndugu Meneja," nikarudi mahali pangu kwenye mstari.

Miongoni mwa waliopiga makofi alikuwamo jirani yetu wa Sindeni, mpakiaji wa katani. Alitangulia kwenda nyumbani, akawasimulia watu kwa fahari jinsi nilivyosifiwa. Mimi nilipokwenda wiki ile, nilimkuta mama barazani anachambua kunde. Nikamwamkia, akaitikia. Nikamwekea blanketi magotini.

"Kumbe habari ilikufikia asubuhi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Uliomba ruhusa?"

"Niliomba."

"Wakakukatalia?"

Hakuna aliyenikatalia. Niliambiwa nimalize kwanza, nami nikamaliza. Mama alingoja kidogo. Kisha akalipapasa blanketi, akasema ni zito, litafaa wakati wa baridi, akaendelea na kunde zake. Hakuniuliza tena, si siku ile wala baadaye. Nilitegemea nitalia njiani nikirudi, lakini nilichofikiria ni kama msaidizi wangu alikumbuka kutia grisi.

Jumatatu msimamizi aliniuliza kama mama yangu alifurahi. Nikamwambia alifurahi. Akasema vizuri, mwakani huenda wakatoa baiskeli. Nikachukua spana, nikaanza kazi.