Nyumba Tuliyoibomoa kwa Hiari

Baba yangu alikuwa mtu wa kwanza katika kitongoji chetu, upande wa Ikungi, kukata kadi ya chama kabla ya uhuru. Alikwenda kwa miguu kutoka boma hadi boma akiwaeleza watu kwamba Mwingereza ataondoka nasi tutajitawala. Machifu walipoondolewa, yeye akiwa balozi wa nyumba kumi, watu walimletea kesi zao za mipaka na za mbuzi walioingia shambani, naye alizisikiliza kwa haki. Natanguliza haya ili isidhaniwe alikuwa mjinga au mtu wa kutafuta cheo.

Amri ya kuhamia kijiji cha ujamaa ilipofika, viwanja vilikuwa vimeshapimwa kando ya barabara, mwendo wa nusu siku kutoka kwetu. Kila kaya iliagizwa kubomoa nyumba yake ili mtu asipate sababu ya kurudi. Kuibomoa nyumba ya tembe hakuhitaji nyundo wala moto. Paa lake ni udongo uliolazwa juu ya miti na matawi. Ukiuondoa udongo huo, mvua chache zinatosha kuziangusha kuta. Ukiuacha, nyumba hukaa miaka bila mtu.

Majirani walilijua hilo. Waling'oa milango, wakaibeba, wakaacha mapaa yalivyo. Baba aliona, hakumshtaki yeyote. Aliamua kubomoa ya kwake kabisa, akiamini kwamba wenzake wakiona balozi amefanya hivyo wataona haya na kufuata.

Bibi, mama yake, aliyeishi nasi, alimwomba asiguse chumba chake. Walizungumza Kinyaturu, naandika maana yake.

“Mwingereza alichukua kodi yake akatuacha ndani ya nyumba zetu,” alisema Bibi. “Huyu wenu anataka na nyumba?”

“Mama, yule alikuwa mtawala wa kuja. Hii serikali tumeiweka sisi wenyewe. Nikiikatalia, nitakuwa namkatalia nani?”

“Utakuwa umekataa tu, mwanangu.”

Baba alipanda juu ya paa na jembe akaanzia chumba cha Bibi, ili asije akalegea. Hakuna jirani aliyefuata mfano wake. Bibi aliishi miaka miwili kando ya barabara, na kila mgeni alipomsalimia shikamoo alijibu, kisha akamuuliza kama huko alikotoka mvua imenyesha.

Miaka ilipita, amri zikalegea, watu wakaruhusiwa kulima tena kwenye mahame, kule tulikohamishwa. Majirani walirudisha milango, wakaziba nyufa kwa udongo mbichi, wakalala kwao siku hiyohiyo. Sisi tulikuta tuta refu lililoota majani. Miti ya kujengea ilikuwa imekwisha porini, na Baba hakuwa tena na umri wa kwenda kuitafuta mbali. Jirani yetu wa karibu alimpokea kwa kicheko.

“Karibu, Balozi. Huku bado ni kwa mkoloni, lakini nafasi ipo.”

Baba alicheka pamoja na wengine. Akamwomba ng'ombe wetu walale katika zizi lake. Mtu wa kwetu anaelewa maana ya ombi hilo: ng'ombe wanapolala ndipo samadi inapobaki, na samadi ndiyo inayootesha uwele. Ng'ombe wetu walirutubisha shamba la mwingine.

Mimi sikuvuka darasa la saba. Mengine nimeyasoma mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima. Nimesoma jinsi makoloni ya Marekani yalivyojitoa kwa mfalme wa Uingereza, na jinsi watu wa makoloni hayo, baada ya kushinda, walivyobishana kwa muda mrefu juu ya yale ambayo serikali yao wenyewe isingeruhusiwa kuwafanyia. Hawakuwa watu wema kuliko sisi. Walikuwa na watumwa. Lakini mabishano yale niliyasoma kwa uchungu. Kwetu swali lilikuwa nani atatawala, na jibu lilipopatikana tukatawanyika kwenda kulima.

Nilimsimulia Baba jambo hilo alipokuwa mzee. Alisikiliza hadi mwisho.

“Nilidhani kuhoji ni kazi ya mtu anayetawaliwa,” alisema.

Kila msimu wa kilimo, hadi mwaka wa mwisho wa uhai wake, alitoka kule kando ya barabara akaenda kwa yule jirani kuomba mahali pa kulala, na kutoka mlangoni pale aliweza kuliona shamba lake mwenyewe.